Vyumba vya Kupangisha Dar es Salaam: Hesabu Inaanza Kabla ya Tofali

Mtu akishika milioni kadhaa za ziada mjini, iwe kiinua mgongo, mkopo wa kazini au mgao wa shamba la familia, ushauri wa kwanza atakaopewa ni uleule: jenga vyumba, pangisha, ule kodi mpaka uzeeni. Si ushauri mbaya. Kasoro yake ni kuruka kipande chote cha katikati, na hapo katikati ndipo mapagala yasiyo na paa yanapotapakaa kuanzia Chanika hadi Bunju, na ndipo unapokuta vyumba sita vina wapangaji watatu.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe neno moja. Kiswahili chetu huita "kodi" ile anayolipa mpangaji na ile inayokwenda TRA. Hapa ya mpangaji tutaiita pango, ya serikali ibaki kodi. Serikali nayo ina "pango la ardhi", ila hilo likitajwa litatajwa kwa jina lake lote.

Milioni kumi ambazo si milioni kumi

Chukua mradi wa kawaida wa pembezoni mwa jiji: kiwanja kimoja, vyumba sita vya masta, yaani kila chumba kina choo chake ndani na kona ya kupikia. Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Weka za mtaa wako, mpangilio wa hesabu ni uleule.

Kiwanja milioni 20. Uhamisho wa umiliki na makaratasi milioni 2. Ujenzi milioni 72. Karo (shimo la majitaka), tangi la maji, mita za umeme, uzio na geti milioni 6. Jumla milioni 100. Kila chumba kinapangishwa 150,000 kwa mwezi, vyumba sita ni 900,000, na kwa mwaka ni milioni 10.8. Hesabu ya kijiweni huishia hapo: asilimia 10.8, miaka tisa na kitu pesa imerudi.

Sasa anza kutoa. Kila chumba kitakaa kitupu wastani wa mwezi mmoja kwa mwaka, kati ya mpangaji kuondoka, kupaka rangi, kubadilisha kitasa na dalali kuleta mwingine. Hizo ni 900,000, zinabaki milioni 9.9. Tenga kodi ya mapato ya pango, asilimia 10: 990,000. Matengenezo, weka 800,000 hata kama nyumba ni mpya, maana mwaka ambao hutazitumia utafuatwa na mwaka wa kuvuja paa. Umeme wa taa za nje na pampu, taka, kunyonya karo na posho ya kijana wa geti, sema 70,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 840,000. Kodi ya jengo na pango la ardhi, 70,000. Kinachobaki mkononi ni milioni 7.2.

Asilimia 7.2, karibu miaka 14. Na hapo hujajilipa wewe mwenyewe kwa simu za saa nne usiku kwamba maji yamekatika.

Linganisha na mtu aliyeweka milioni 100 zilezile kwenye hatifungani za serikali za miaka 20 au 25, yaani ameikopesha serikali kwa riba. Matoleo ya miaka ya karibuni yamekuwa na riba ya kati ya asilimia 12 na karibu 16 kwa mwaka, riba ya hatifungani hizo za muda mrefu haikatwi kodi, na hatifungani haina bomba la kuziba. Kwa fedha taslimu ya kila mwaka, vyumba vinashindwa. Vinachotoa ni kingine: kiwanja kinapanda thamani na pango linaweza kupandishwa, wakati milioni 100 za hatifungani zitarudi milioni 100 zilezile miaka 25 baadaye. Kwa hiyo anayejenga vyumba, ajue au asijue, kwa sehemu kubwa anawekeza kwenye ardhi, na vyumba vinamlipia kungoja. Ndiyo maana kosa la kiwanja ni zito kuliko kosa la fundi.

Mkopo nao uupime kwa mizani hiyohiyo. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Ukikopa nusu ya mradi, milioni 50, kwa asilimia 17, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia milioni 8.5. Vyumba vyote sita vimekuachia milioni 7.2. Unadaiwa milioni 1.3 za kutoa mfukoni kabla hujagusa deni lenyewe. Mwenye mshahara wa kuziba pengo hilo anaweza kuvumilia. Anayetegemea vyumba vilipe mkopo wake ataishia kuuza kiwanja kwa bei ya haraka.

Kiwanja: hapa usikimbie

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na haki hiyo ina madaraja. Juu kabisa iko hati miliki, ambayo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99 chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Chini yake, kwenye makazi yasiyopangwa, iko leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na huhuishwa. Halafu kuna karatasi ambayo Dar nzima inaijua: mkataba wa mauziano ulioandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili, muhuri wa mwenyekiti. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba fulani alimpa fulani pesa. Haithibitishi kwamba fulani alikuwa na cha kuuza. Ile asilimia 10 inayodaiwa pale mtaani kwa ajili ya kugonga muhuri ni desturi tu.

Kwa kiwanja chenye hati, hatua ya kwanza ni upekuzi kwa Msajili wa Hati, ukiwa na namba ya hati au namba ya kiwanja na kitalu. Upekuzi unakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Fanya kabla ya kutoa hata "kishika uchumba". Kisha linganisha jina lile na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Kama jina ni la marehemu, hakuna wa kukuuzia isipokuwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake mkononi. Mtoto mkubwa si msimamizi kwa sababu tu ni mkubwa. Na kama muuzaji ana ndoa na wanaishi hapo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa hiyo iandikwe na isainiwe. Mabaraza yamejaa kesi za wake waliokuwa safarini nyumba ikiuzwa.

Angalia pia masharti ya matumizi yaliyoandikwa ndani ya hati. Kiwanja cha makazi ni cha makazi. Ukitaka fremu za maduka mbele, unatakiwa kuomba kubadilisha matumizi kwanza. Hati nyingi zina sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya muda, kwa kawaida miezi 36, na lazima pango la ardhi liwe limelipwa. Deni la nyuma likijitokeza wakati wa kuhamisha umiliki, anayelibeba kwa vitendo ni yule mwenye haraka, naye ni wewe.

Uhamisho wenyewe unapita kwa Kamishna wa Ardhi kwa kibali, kwa mthamini kwa ajili ya thamani, na kwa TRA. Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida aliyoipata. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu, kama asilimia 1 ya thamani. Wauzaji wengi husema "mambo ya TRA utamalizia wewe". Kama umekubali, ipunguze kwenye bei, na usimalize malipo mpaka nyaraka za uhamisho zimesainiwa mbele ya wakili. Njia salama ni kubakiza sehemu ya bei, sema robo, hadi usajili ukamilike kwa jina lako.

Ukiwa na makaratasi safi, bado kuna swali la mahali kiwanja kilipo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Na Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, ilikuwa na hifadhi pana zaidi, kama walivyojua kwa uchungu waliobomolewa mwaka 2017. Baadhi yao walikuwa na risiti za kodi ya jengo za miaka mingi. Risiti ya kodi haihalalishi kiwanja. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri uone ramani ya eneo, kisha mchukue mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni zote nne, yaani alama za mipaka, kwenye udongo. Zile anazokuonyesha dalali kwa kidole hazitoshi.

Halafu nenda siku ya mvua. Hakuna karatasi inayoonyesha maji yanakopita. Mwezi wa nne, baada ya mvua ya usiku mzima, tembea kutoka kituo cha daladala hadi kiwanjani kwa miguu, kama atakavyotembea mpangaji wako. Ukifika na viatu mkononi, hilo ndilo pango lako limeshuka. Tazama pia ukuta wa jirani: ile mistari ya matope iliyokauka usawa wa goti inasema kila kitu.

Kuhusu mahitaji, kilicho karibu na kituo cha mwendokasi, hospitali kubwa au chuo hupata watu. Vyuo vina tabia yake: wanafunzi huondoka karibu wote kwa pamoja ifikapo Julai, na vyumba hukaa vitupu hadi Oktoba au Novemba. Anayejenga kwa ajili ya wanafunzi aingize miezi mitatu mitupu kwenye hesabu, au aandike mkataba wa mwaka mzima tangu mwanzo.

Kujenga kitakachopangishika

Makosa ya ujenzi wa vyumba hayafanani na ya nyumba ya kuishi. Nyumba yako utaivumilia. Mpangaji hahitaji kuvumilia, anahama.

Anza na mpangilio. Fundi wengi watapendekeza vyumba vya migongo, vitatu mbele na vitatu nyuma vikigawana ukuta wa kati, kwa maelezo kwamba unaokoa tofali. Pima uone. Vyumba sita vya mita 3.5 kwa 4.5, vitatu kwa vitatu, vina jumla ya mita 67.5 za ukuta bila vyoo. Vyumba vilevile sita kwenye mstari mmoja vina mita 73.5. Tofauti ni mita sita. Kwa ukuta wa mita 3 kwenda juu ni mita za mraba 18, na kwa tofali la inchi 18 kwa 9 unahesabu kama matofali 10 kwa kila mita ya mraba pamoja na yatakayovunjika. Matofali 180, basi. Hiyo ndiyo bei ya kila chumba kuwa na dirisha mbele na dirisha nyuma. Kwa joto la Dar la Januari, chumba cha dirisha moja ni tanuri, na mpangaji hulijua hilo usiku wa kwanza. Kama kiwanja hakina urefu wa mita 21, kunja mstari uwe herufi L.

Tofali lenyewe lipime. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa matofali 25 hadi 30 ya unene wa inchi 6, tofali ni zuri. Ukisikia mfuko umetoa 45, umenunua mchanga uliogandishwa kwa matumaini. Tofali limwagiliwe siku saba, kisha lidondoshe kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo: lililo zima halitawanyiki. Mchanga usiwe wa baharini, chumvi yake hurudi baada ya mwaka mmoja kama unga mweupe na plasta huanza kubanduka chini ya madirisha. Chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, tandika nailoni nzito kuzuia unyevu kupanda, kwa sababu harufu ya unyevu haiondolewi na rangi.

Kosa linalorudiwa kuliko yote liko juu ya dari. Ili kuokoa tofali, kuta za kutenganisha vyumba huishia kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kisha dari ya jipsamu inapita juu ya vyumba vyote sita kama shuka moja. Matokeo yake ni matatu. Wa chumba cha kwanza anasikia redio ya chumba cha nne. Mwizi akiingia chumba kitupu, anatoboa dari na kutembea juu ya kenchi, zile mbao za paa, mpaka chumba chenye televisheni. Na moto ukiwaka, hauna ukuta wa kuuzuia. Pandisha kuta tano za kutenganisha hadi kwenye bati. Kwa vyumba hivi ni kama mita za mraba 22, matofali 220 au pungufu. Ukiwaonyesha wapangaji jambo hilo, wanaoelewa hawabishani bei.

Karo iwekwe mbele, karibu na geti, mahali ambapo bomba la gari la majitaka linafika. Wengi huificha nyuma ya nyumba ili isionekane, na siku ikijaa wanavunja uzio. Ichimbwe ya vyumba sita tangu siku ya kwanza hata kama unaanza na viwili. Kama kuna kisima, kikae upande wa juu wa mteremko na kisipungue mita 30 kutoka kwenye karo.

Kuhusu maji, hesabu watu wawili kwa chumba, lita 70 kwa mtu, vyumba sita: lita 840 kwa siku. Tangi la lita 5,000 linakupa karibu siku sita. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgawo wa maji ukaanza, nyumba zenye tangi kubwa zilikuwa na nafuu kuliko zisizo nalo.

Umeme una mtego wake. Wenye vyumba wengi huweka mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, na kuwaambia wapangaji wachangiane. Ugomvi wa nani ana friji na nani ana pasi utakufikia kila mwezi, lakini kuna hasara ya wazi zaidi. TANESCO ina bei nafuu kwa mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na tozo, wakati bei ya kawaida ni takriban 356. Chumba kimoja chenye taa, feni na simu kinaweza kubaki chini ya 75. Vyumba sita kwenye mita moja haviwezi, vyote vinaangukia bei ya juu. Mita sita zinagharimu zaidi mwanzoni, ila tangazo la "kila chumba na LUKU yake" ni kati ya maneno machache ambayo dalali hahitaji kuyatia chumvi. Kazi ya kutandaza nyaya aifanye mtu mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kwa sababu bila sahihi yake maombi ya kuunganishiwa hayaendi.

Kama pesa haitoshi kumaliza, na mara nyingi haitoshi, usipandishe kuta sita zikangoja mabati. Msingi na kuta hudanganya macho: unaona nyumba imesimama, kumbe mabati, milango, vigae, vyoo, nyaya na rangi ndivyo vitakavyomeza karibu nusu ya fedha yote. Maliza vyumba viwili mpaka funguo, pangisha, acha nondo za kuunganishia upande mmoja, kisha endelea. Kibali cha ujenzi kichukue kwa mchoro wa vyumba vyote mara moja. Ghorofa ni habari nyingine kabisa. Inataka mhandisi na mkandarasi aliyesajiliwa, na jengo la Kariakoo lililoporomoka Novemba 16, 2024 liliua watu wengi.

Bei, mpangaji na karatasi

Kupanga bei kubwa na kungoja ni ghali. Chumba kwa 180,000 kilichokaa kitupu miezi miwili kimekuingizia milioni 1.8 kwa mwaka. Kwa 150,000 kilichojaa miezi 12, ni milioni 1.8 ileile, bila dari kuota buibui. Mwezi wa tatu mtupu ukianza, mwenye bei kubwa ameshapata hasara.

Desturi ya Dar ni pango la miezi sita, wengine huomba mwaka, na dalali huchukua pango la mwezi mmoja kwa mpangaji. Maana yake anayehamia chumba cha 150,000 anatakiwa kuwa na 1,050,000 taslimu siku moja. Watu wenye kipato kizuri cha mwezi lakini wasio na akiba unawafungia mlango. Miezi mitatu mitatu ni njia ya kati inayojaza vyumba haraka, na si ya hatari kama mwezi kwa mwezi. Ukipokea ya miezi sita, iweke kwenye akaunti yake na uchukue sehemu moja ya sita kila mwezi. Anayekula 900,000 ya chumba kimoja wiki ya kwanza hana pesa ya fundi bomba mwezi wa nne, na mpangaji asiyetengenezewa bomba haongezi mkataba.

Mkataba uwe na majina kama yalivyo kwenye NIDA, idadi ya watakaolala humo, kiasi na tarehe za kulipa, muda wa notisi kwa pande zote mbili, na nani anatengeneza nini. Kipengele cha mwisho kiandikwe kwa vitu: taa iliyoungua ni ya mpangaji, bomba ndani ya ukuta ni la mwenye nyumba, choo kilichozibwa na taulo za kike ni cha mpangaji. Mpangaji aripotiwe kwa mjumbe. Fremu za biashara zina mambo ya ziada, kubwa likiwa kilemba, yaani pesa ambayo mpangaji anayeondoka hulipwa na anayemwachia fremu. Andika wazi kwamba mpangaji haruhusiwi kumkabidhi mwingine fremu na kupokea kilemba bila idhini yako, vinginevyo utamkuta usiyemjua anauza simu kwenye jengo lako na mkataba wake ni na aliyehama.

Upande wa kodi, mpangaji anayefanya biashara, kwa mfano kampuni au duka, hukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Dai cheti chake, ndicho ushahidi kwamba imelipwa kwa jina lako. Mkataba wa pango una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka, na mkataba usio na stempu utakwama ukiutoa mahakamani kama ushahidi. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa za mjini 7,500 kwa kila sakafu. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, yaani mpangaji, lakini kodi ni ya mwenye nyumba. Mrudishie kwenye pango linalofuata kabla hajaanza kulalamika. Kama jengo moja lina mita kadhaa na zaidi ya moja inakatwa, peleka namba zake TRA zirekebishwe.

Atakayeacha kulipa yupo, ni suala la lini. Kung'oa mlango, kukata maji au kutupa vyombo nje hukugeuza kutoka mdai kuwa mshtakiwa. Toa notisi ya maandishi, na kwa pango la mwezi kwa mwezi isipungue mwezi mmoja. Asipotoka, shauri linaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa linakupa cheti, ukienda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Wilaya likikupa amri, anayeitekeleza ni dalali wa mahakama. Safari hiyo hula miezi, na ndiyo sababu ya kuchukua amana ya mwezi mmoja siku ya kwanza na kuiacha bila kuigusa.

Siku ya kukabidhi chumba, pitia na mpangaji kila kitu mkiwa na simu mkononi: funguo ngapi, soketi ngapi zinafanya kazi, sinki lina ufa au halina, mita ya LUKU imebakiza uniti ngapi. Piga picha, mtumieni kila mmoja kwenye WhatsApp palepale mlangoni, ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili. Akihama baada ya miaka miwili na kitasa kimevunjika, mnafungua picha ileile, mnatoa bei ya kitasa kwenye amana, na kilichobaki unamrudishia siku hiyohiyo. Mara nyingi mpangaji huyo ndiye atakayekuletea anayefuata, bila dalali na bila mwezi mtupu.